Barua Zilizorudi Masijala

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, na saa tatu na dakika tano paa la masijala likaanza kuvuja palepale linapovuja kila mwaka. Nimeweka beseni. Daftari hili kaniletea dada yangu. Aliniambia, "Hayo unayonung'unika kila jioni yaandike humo, masikio yangu nayo yana haki ya kupumzika." Basi naandika. Mwisho wa Juni nastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye dirisha la usajili la kituo hiki cha afya, na nilitaka miezi hii ipite polepole bila kero. Wapi. Waraka umefika leo hii hii.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeusoma waraka mara tatu na sasa nimeuelewa, kwa bahati mbaya. Kila mwenye kadi ya matibabu ya umma anatakiwa ahakikiwe upya kabla ya tarehe 31 Mei: aje mwenyewe na kitambulisho, aweke vidole kwenye mashine, athibitishe anaishi wapi na anaishi na nani. Zamani mzee asiye na kipato, au mgonjwa wa sukari, au wa figo, akishapewa kadi, anayo. Sisi tulikuwa tunagonga muhuri tu kila Januari. Sasa asiyetokea anafutwa, na akifutwa hatibiwi. Makao makuu yamesema yatamtumia kila mtu barua ya kumwita.

Aliyetuletea habari hizi ni msimamizi mpya wa usajili, binti wa miaka ishirini na minane, mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Kila unachomuuliza anajibu, "Mfumo haukubali." Nimempa jina la Bi Mfumo. Dada amecheka mpaka akapaliwa.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Beseni limejaa mara mbili.

Jumanne, 2 Aprili

Barua zimerudi. Zimeletwa kwenye gunia, mia nne na kumi na mbili, kila moja imegongwa muhuri mwekundu: ANUANI HAIJULIKANI.

Nikachukua ya juu. "Nyuma ya sinema, mlango wa bluu, uliza kwa fundi saa." Ya pili: "Panapouzwa mkaa, nyumba yenye ngazi iliyovunjika." Nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanilengalenga. Herufi ni za kompyuta, lakini maneno ni ya Mzee Masijala, neno kwa neno. Ndiye alikuwa mkuu hapa nilipoajiriwa, ndiye aliyenifundisha kazi, na kadi zote za mtaa huu aliziandika yeye kwa mkono wake, kwa wino mweusi. Wakati ule nyumba hazikuwa na namba. Mtu ulimwandika kwa namna utakavyompata. Waliokuja kunakili kadi kwenye kompyuta wakanakili kila kitu kama kilivyo.

"Hawa wote anuani zao batili, mama," Bi Mfumo akasema. "Tarehe moja Juni mfumo utawafuta."

"Batili kitu gani? Huyu ni mama wa mashine ya kusaga. Nimewaandikia kadi za kliniki watoto wake wote watano."

"Hiyo mashine ya kusaga iko wapi?"

Mashine ile ilibomolewa miaka kumi na mbili iliyopita. Nimemwambia nitawapelekea barua hizi mwenyewe, kila siku baada ya saa nane, kwa miguu. Akanitazama kama mtu anayetazama kuku akijaribu kufungua kopo. Nimeondoka na gunia.

Jumapili, 7 Aprili

Nimelibeba gunia hadi kwa Mzee Masijala. Anaishi peke yake kwenye chumba kimoja kilicho safi kuliko wodi. Figo zake zilichoka miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa anakwenda hospitali kubwa kusafishwa damu kwa mashine. Bila mashine ile hana wiki mbili. Alinieleza mwenyewe siku ya kwanza, bila kupepesa macho, na hajarudia tena.

Tulitandaza barua kitandani. Nikawa nasoma, naye macho kafumba, ananielekeza.

"Palipouzwa mkaa sasa ni duka la simu. Nyumba yenye ngazi ni ya tatu kutoka hapo. Walishatengeneza ngazi?"

"Walijenga ghorofa, Mzee."

"Basi uliza yule mama wa kushoto. Ana kidoti shavuni."

Tulifika jioni hatujanywa hata maji. Nilikumbuka siku za mvua zamani, paa likivuja, tulivyokuwa tunaanika kadi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, mimi upande huu yeye upande ule, redio ikizungumza peke yake, na mtu akifika dirishani Mzee anamwita kwa jina la mama yake kabla hajafungua mdomo. Niliipenda sana ile ofisi. Sijawahi kumwambia mtu, lakini kwa miaka kumi ya mwanzo nilikuwa nafika kazini mapema kwa sababu tu nilitaka kufika.

Jumatano, 10 Aprili

Barua sita. Viatu vimekufa.

Jumamosi, 20 Aprili

Sinema sasa ni ghala la makochi. Mlango wa bluu haupo, ukuta wenyewe haupo. Nikasimama kwenye matope kama mjinga aliyesahau alikotumwa. Mlinzi wa ghala akaniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta fundi saa. Akanionea huruma. Lakini mwuza vocha aliye karibu kasikia, akasema fundi saa alikufa, ila mtoto wake anatengeneza miwani huko nyuma. Nikaenda. Mtoto mwenyewe ana mvi. Na yule niliyekuwa namtafuta, mama mgonjwa wa sukari, amepanga chumba kwake.

Nilipomsomea barua aliichukua akaikunja vizuri. Kisha akasema, "Nilijua mmenisahau. Nilisema watanisahau wote, yule wa dirishani hatanisahau." Nilimwambia Jumatatu aje na kitambulisho, nikageuka haraka, maana sura yangu haikuwa nzuri.

Ijumaa, 26 Aprili

Hamsini na tisa wiki hii. Dada anasema mtu angedhani nawania udiwani.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nimeudhika, na ninayeudhika naye siyo Bi Mfumo.

Nilikuwa nauliza nyumba ya mzee mmoja, nikaelekezwa kwa mfua nguo anayekaa mtaa wa nyuma. Mwanamke wa makamo, mikono imechakaa kwa sabuni, anakohoa kifua kizima. Kanionyesha nyumba bila tabu. Nikamuuliza, "Na wewe umeshahakikiwa?" Akasema hajawahi kuwa na kadi. Amekaa hapo miaka kumi na tisa. Aliwahi kuja kuomba, zamani, akaambiwa arudi na mtu anayemfahamu. Hakuwa na mtu anayemfahamu. Ndiyo kwanza alikuwa amehamia.

Nikaenda kuchimbua makabati ya zamani. Nimeikuta fomu yake. Pembeni, kwa wino mweusi, kwa ule mwandiko mzuri: "Hajulikani. Isubiri." Na chini yake zipo nyingine. Sikuzihesabu, nilishindwa.

Nimempeleka kwa Bi Mfumo, nikitegemea kusikia lile neno lake. Akamwekea vidole kwenye mashine, akamwuliza maswali manne, akampa namba. Dakika kumi. Hakumwuliza nani anamjua.

Jumapili, 5 Mei

Nilimwambia Mzee. Nilitaka abishe ili nami nipate pa kushikia.

"Nilikuwa nafuata utaratibu," akasema.

"Utaratibu huo uliutunga wewe."

Mkono wenye mshipa wa mashine ulikuwa umelala juu ya mto, umevimba kidogo. Mwishowe akasema, "Niliogopa watu watajiandikisha mara mbilimbili. Wale niliowajua nilikuwa na uhakika nao." Kisha akaniomba nimwambie yule mfua nguo kwamba yeye, Mzee, ndiye aliyekosea. Nimeahidi. Tumesoma barua kumi na moja, bila utani leo.

Njiani nilijiuliza mimi nilikuwa wapi zile siku. Nilikuwa dirishani, kiti cha pili, nikimsifu moyoni kwa kujua watu.

Jumatano, 8 Mei

Nimempelekea mfua nguo salamu za Mzee. Akasema, "Sawa," akaendelea kusuuza.

Jumatano, 15 Mei

Asubuhi Bi Mfumo katokea na mabuti ya mpira. "Leo twende wote, mama." Nikadhani anatania. Tukaenda, mvua juu, matope chini, na mashine yake ya vidole kaifunga kwenye mfuko wa nailoni kaipakata tumboni kama mtoto mchanga. Kwa wale wasioweza kutembea alipiga magoti kando ya kitanda, akawafuta vidole kwa kitambaa, akawahakiki hapohapo. Watu ishirini na watatu siku moja.

Tulipokuwa tumejibanza kwenye kibaraza kungoja mvua ipungue, nikamuuliza kilichomtoa ofisini. Akasema bibi yake mzaa mama amefutwa, huko anakokaa uhakiki ulifungwa Aprili, na barua haikumfika. "Nikajiuliza huko kwake kuna nani kama wewe." Alilisema akitazama mabuti. Nami nilitazama ya kwangu. Jina la Bi Mfumo nitaendelea nalo kwa kuwa limeshazoeleka, lakini sasa nalitaja kwa upole.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho. Foleni ilizunguka kituo mara moja na nusu, na watu wakaanza kutaniana kuhusu nani alifika kabla ya nani mwaka gani. Kati ya barua mia nne na kumi na mbili, zimebaki tisa ambazo sikumpata mtu. Thelathini na nne wamefariki, na kila mmoja wao nimemwandika jina vizuri kwenye daftari la ofisi, kwa wino mweusi.

Mkuu wa kituo amesema mbele za watu kwamba faili langu halina hata barua moja ya onyo kwa miaka ishirini na tisa, na kwamba siku ya kuniaga nitapewa cheti cha utumishi usio na doa. Watu wakapiga makofi. Sitasema sikufurahi. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zimekatika. Nimelikausha beseni.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika jioni hii, viatu sijavua.

Mchana nilikuwa nafuatilia mmoja wa wale tisa, na nyumba iko karibu na kwa Mzee Masijala. Nikapita kumwachia machungwa mlangoni, nikijua hayupo, maana ni Ijumaa. Nikasikia redio ndani. Nikagonga, nikafungua. Yupo kitandani, uso umevimba, miguu imevimba, anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima.

"Mzee, leo si siku ya mashine?"

"Kadi haikukubali."

"Leo?"

"Na Jumanne."

Nilimwuliza kwa nini hakupiga simu. Akafumba macho, akasema simu haikuwa na chaji, na simu ilikuwa mezani inawaka taa. Sikuwa na muda wa kugombana. Nimemwomba mama wa chumba jirani akae naye, nikakimbia. Nina miaka hamsini na tisa na goti bovu, lakini nimekimbia.

Kwa nini hakuhakikiwa? Njia nzima nilikuwa nalirudia swali hilo, na jibu nilikuwa nalo. Sikumwuliza. Jumapili zote zile tumekaa na barua za watu kitandani, sikumwuliza yake iko wapi. Kila Januari mimi ndiye niliyekuwa namgongea muhuri, wala haji ofisini, kwa hiyo naye akaona nipo. Mimi nikaona kwamba wastaafu wetu wanashughulikiwa na makao makuu. Kila mmoja alikuwa ana uhakika na mwenzake.

Nilimweleza Bi Mfumo huku nahema. Akabonyeza, akasoma. "Barua ilitumwa, na haikurudi. Anuani: Masijala, chumba cha nyuma."

Mzee alipoanza kazi hapa alipewa chumba cha nyuma ya masijala, akakaa miaka miwili, na kadi yake ya matibabu, kama mtumishi, aliiandika wakati huo. Wengine wote aliwabadilishia anuani walipohama. Yake hakuigusa. Na kila bahasha iliyokuja imeandikwa "Masijala," mimi kwa miaka ishirini na tisa nimeitia kwenye trei ya nyaraka, nikiisoma nikipata nafasi. Nikaimwaga trei mezani. Ilikuwa ya nne kutoka chini, imefungwa, na jina lake kamili, majina yote matatu, yameandikwa wazi kabisa. Nilikuwa nimesoma anuani, jina sikulisoma.

Bi Mfumo aliichukua bahasha mkononi mwangu taratibu. "Mama, kuna njia mbili. Tukisema posta walichelewesha, ni rufaa ya kawaida, siku thelathini. Tukisema ni kosa la ofisi, wanamrudisha leo hii, ila kabla ya saa tisa na nusu. Lakini kosa la ofisi linataka maelezo ya mtumishi mwenyewe, na sahihi." Hakumalizia. Alijua habari ya cheti.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Nimekaa na kalamu. Ningependa kuandika hapa kwamba nilianza palepale, lakini daftari hili ni langu na sitalidanganya. Nilikaa dakika nne. Niliwaza makofi yale. Niliwaza kama kuna maneno ambayo yangesema bila kusema. Mtu anavimba kitandani, na mimi natafuta maneno. Aibu ya dakika zile nne sijui nitaiweka wapi.

Kisha nikaandika: "Barua hii ilifika mikononi mwangu mwezi Machi. Sikuifungua. Kosa ni langu peke yangu." Nikatia sahihi. Bi Mfumo akaipiga picha, akaituma, akapiga simu makao makuu, wakamwambia asubiri, akasubiri kasimama, simu sikioni, mguu unagonga sakafu. Nilimsikia akisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Usiniambie mfumo haukubali. Mimi ndiye ninayewaambia watu maneno hayo, nayajua. Fungua ukurasa wa pili." Saa tisa na robo jina la Mzee likarudi kwenye kompyuta, la kijani.

Tumempeleka kwa gari la Bi Mfumo, kiti cha nyuma, kichwa chake begani kwangu. Saa kumi na moja walimwunganisha na mashine. Daktari akasema tungemleta Jumatatu asingefika.

Jumatatu, 10 Juni

Anapumua vizuri. Wamemlaza bado. Dada amepika uji na kuupeleka yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu Machi hana utani.

Ijumaa, 14 Juni

Barua ya onyo imefika leo asubuhi. Cheti hakuna. Mkuu wa kituo alinikabidhi akitazama dirishani, nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba, nikaomba ruhusa, nikaenda hospitali kubwa, maana ni siku ya Mzee.

Alikuwa kwenye kiti chake, mirija mkononi, damu inakwenda na kurudi. Uvimbe umepungua, uso wake umerudi kuwa wa kwake. Kabla sijakaa akasema, "Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Imeshafika. Ijumaa ya pili ndiyo huwa zinafika. Nimeandika ngapi mimi?"

Nikamsomea. Alisikiliza kafumba macho, kama zile Jumapili. Nilipomaliza akasema, "Neno 'uzembe' wameliandika mara tatu. Mara moja ingetosha." Nikacheka, ndipo nilipoona kwamba yeye hacheki.

"Nilijua iko kwenye trei yako," akasema.

Sikuelewa. Nikamwuliza nini.

"Barua yangu. Ile Jumanne, binti wa dirishani hapa aliniuliza, mzee, hukupata barua? Akanisomea anuani. Nikajua ilipo, hata upande wa trei nikaujua."

"Sasa si ungenipigia?"

"Ningekupigia ungeandika kwamba kosa ni lako."

Mashine ilikuwa inapiga kelele yake ndogo. Nesi alipita, akatazama saa, akaenda zake.

"Ulikuwa umebakiza wiki tatu," akasema. "Mimi ndiye niliyelifungua lile faili lako, siku ulipoajiriwa, niliandika jina lako juu. Nilitaka lifungwe kama nilivyolifungua. Wiki mbili ni za daktari; mimi nikapiga hesabu yangu, nikaona nitafika mwisho wa mwezi."

Nilimwambia yeye ni mjinga. Miaka ishirini na tisa sijawahi kumwambia neno kama hilo, wala kulifikiria. Nikamwambia mara ya pili, kwa sauti, watu wakageuka. Halafu nikalia mbele yao wote, kilio cha kweli, cha makamasi, na yeye ananiambia basi, mwanangu, basi, mkono mmoja hawezi kuuinua. Nilivuta kiti nikakaa upande wa mkono ule mwingine, nikaushika. Tulikaa hivyo saa mbili na nusu zilizobaki, mpaka nesi akaja kuizima mashine.